Mawe ya Bi Mboja

Ko! Kata iligonga ukingo wa mtungi gizani. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi, na hakuna aliyemwona mnywaji. Maji yalisikika yakishuka kooni, kata ikarudishwa kwenye msumari wake, miguu midogo ikakimbilia mkekani.

"Kata nimeisikia," alisema Bi Kidawa kutoka kitandani kwake. "Kifuniko sijakisikia."

Kila mjukuu akasubiri mwenzake ajitaje.

"Ukifunua jiwe, lifunike," akasema bibi.

"Jiwe gani tena, bibi?" aliuliza Salha. "Hapa pana mtungi."

"Hata mama husema hivyo hivyo," alisema kaka yake, Mundhir, ambaye sauti yake sasa ilitokea upande wa mtungi, na kifuniko kikasikika kikikaa mahali pake. "Ukiacha mlango wa choo wazi: ukifunua jiwe. Ukianza ugomvi ukakimbia: ukifunua jiwe. Nani alianza kulisema hili?"

Bi Kidawa akajiweka sawa kitandani. Methali ina kwao kama mtu alivyo na kwao, akawaambia. Hii kwao ni Chongowe, na asili yake ni hii.

Chongowe kilikuwa kijiji cha pwani, na watu wake walikula mwambani. Wanaume wengi waliondoka msimu mzima kwenda kuchuma karafuu za watu, wakabaki wanawake, na wanawake hao kitoweo chao kilikuwa pwani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hutoka mbali sana, mpaka mwamba wote unabaki uchi unametameta. Hiyo ndiyo bamvua. Wakati huo wanawake walijifunga nguo viunoni, wakachukua vikapu na fimbo za kuchokolea, wakashuka kutafuta kome, chaza na pweza.

Kazi yao ilikuwa mawe. Ukilitazama jiwe la mwambani kwa juu utasema halina kitu. Limekauka, lina chumvi, linachoma nyayo. Lakini chini yake ni kijiji kizima, chenye giza lake na ubaridi wake. Kwa hiyo mwanamke wa Chongowe alipofunua jiwe, alichukua alichokitaka, kisha akalirudisha palepale, tumbo chini, mgongo juu, kama alivyolikuta. Hakuna aliyefundishwa jambo hilo kwa fimbo. Lilikuwa kama kurudisha mlango unapotoka nyumbani kwa watu.

Hapo Chongowe alikaa mjane aitwaye Bi Mboja. Ndui ilimchukua macho yote mawili angali mtoto. Hakuwa na mume tena wala mtoto, lakini hakuwa mzigo wa mtu. Chungu chake kilipikwa kwa mkono wake, na kilichomo alikitoa pwani mwenyewe. Alikuwa akishuka peke yake, bila fimbo ya kumwongoza. Nyayo zilimwambia hapa mchanga umekwisha, hapa nyasi za bahari zimeanza, na sasa nimefika kwenye mawe.

Mawe yake aliyajua kama ninyi mnavyozijua sura za wenzenu darasani, na aliyapa majina. Kulikuwa na Mzee Kipara, laini juu, hana hata mwani. Kulikuwa na Bi Harusi, ambaye hafunuliki kwa haraka. Na mbele ya wote kulikuwa na Kinu, jiwe kubwa kuliko yote, lililokaa mfano wa kinu cha kutwangia. Bi Mboja alianzia hapo kila siku. Alikuwa akiegemea bega la Kinu kwa mkono wa kulia, anavuta pumzi, kisha kutoka hapo anayahesabu mengine kwa vidole mpaka kikapu chake kinatosha. Macho yake yalikuwa kwenye ncha za vidole. Na macho hayo yalifaa kwa sababu moja tu: kila jiwe lilikuwepo pale lilipokuwepo jana.

Sasa akaja Mwaka. Huyu alikuwa bibi harusi mgeni, ametoka shamba, anajua muhogo na karafuu, bahari hajawahi kuikanyaga. Siku ya kwanza alipofunua jiwe alipiga kelele hadi kunguru wakaruka.

"Umeona nini?" aliuliza Bi Mboja, aliyekuwa karibu.

"Nyoka, bibi! Nyoka watano wamefungana!"

"Wana vichwa?"

Mwaka akachungulia kwa jicho moja. "Hawana."

"Basi nyoka gani hao wasio na vichwa?" Bi Mboja alicheka, akachutama kando yake. "Huyo ni mmoja, na hiyo ni mikono yake. Ni ndugu yake kiti cha pweza, yule mnyama wa mfano wa nyota, ila huyu mwembamba na mwenye mbio. Mwanga anauchukia. Ukimshika mkono atakuachia mkono huo aende zake."

"Akuachie mkono wake? Mwenyewe?"

"Bora mkono kuliko roho. Ataota mwingine akiwa kwake, taratibu. Haya, nipe kidole chako."

Akamshika Mwaka kidole, akakitembeza chini ya jiwe kama mtoto anavyotembezewa kidole kwenye herufi. Hiki laini chekundu kilichobandikana na jiwe ni sifongo, naye ni mnyama ingawa hana mguu wala jicho. Anakunywa maji ya bahari, anabaki na chakula, anayatoa yakiwa masafi. Huyu mrefu mlaini ni jongoo bahari, anakula mchanga na kuufua. Usimkere, atakutapikia nyuzi nyeupe zinazonata, na nguo uliyovaa ndiyo hiyo hiyo. Hapa pana kiti cha pweza, mikono mitano, mdomo chini katikati.

"Na hapa ndani kabisa," alisema, akausimamisha mkono wa Mwaka kabla haujafika, "yupo nungunungu wa bahari. Mweusi, mwenye sindano ndefu. Tia kivuli cha mkono uone."

Mwaka akatia kivuli. Sindano zote zikageuka zikamwelekea.

"Mama yangu! Kaniona!"

"Hana macho, kama mimi. Kivuli ndicho anachokijua. Mchana anajificha gizani, usiku anatoka na meno yake matano anakwangua majani ya mawe. Asingekuwepo yeye, mwamba ungeota nywele. Si mbaya. Ila usimwegemee."

Kisha akamfundisha kubwa kuliko yote. Pweza jike akitaka kutaga, alisema, hutundika mayai yake kwenye dari ya jiwe, vishada kwa vishada, kama punje za mpunga. Hapo hukaa akiyapepea maji, hali wala hatoki mpaka watoto waanguliwe, na wakishaanguliwa yeye hufa. Ukimkuta katika hali hiyo hachokolewi. Jiwe linarudishwa polepole, na unamwomba radhi.

"Wote hawa jua likiwapiga wanakufa," alimaliza. "Ni kama mtoto mchanga kumlaza uani saa sita ya mchana. Haya, tulirudishe."

Wakalirudisha pamoja. Tangu siku hiyo Mwaka alimwita Bi Mboja mwalimu wake, na yule mama akawa anafurahi, maana hakuwa na wa kumfundisha.

Mwaka akajaaliwa mtoto wa kike, akamwita Ramla. Arubaini ilipokwisha akarudi pwani, na mtoto akawa anamwachia mama mkwe. Wanawake wenye watoto wachanga wanalijua jambo hili: uko mwambani, maziwa yamejaa kifuani, kila sauti ya ndege unaisikia ni mtoto analia. Na bahari nayo haina huruma, ikitoka inatoka kwa muda wake, ikirudi hairudi kwa hiari yako. Nusu ya muda wa Mwaka ulikuwa wa kufunua mawe, nusu wa kuyafunika. Kikapu kilirudi nusu.

Mama mkwe wake alikuwa akikichungulia na kusema, "Mkwe, hii ni mboga au ni dawa ya kikohozi?"

Bamvua moja Ramla akapata homa. Mwaka alishuka pwani moyo ukiwa umebaki nyumbani. Akafunua jiwe la kwanza, akachukua kome, akasema moyoni: hili moja tu, leo tu. Akaliacha chali. Akaenda la pili. Siku hiyo alirudi jua halijapanda, kikapu kimejaa, na mama mkwe akampokea mlangoni kwa vigelegele vya utani.

Mtoto akapona. Mawe hayakurudi kufunikwa.

Rafiki yake aitwaye Subira aliona. "Shoga, umepata jini wa kukuchokolea siku hizi?"

"Jini gani? Siyafuniki tu."

"Huyafuniki!"

"Si maji yanarudi? Maji yenyewe yatayafunika."

Subira akafikiri kidogo. Lilikuwa neno lenye sura ya kweli. Bahari inarudi, inafunika mwamba wote, nani ataona? Lakini maji hufunika jua halijamaliza kazi yake, au limeshamaliza? Hilo halikuulizwa. Kesho yake Subira naye hakufunika. Keshokutwa wakawa wengi. Aliyeendelea kufunika alichekwa: "Wewe, unamfunika nani shuka? Mwamba una homa?" Neno likawa ni hilo hilo kwa kila mmoja, maji yatafunika, maji yatafunika, mpaka likawa kama mila ya zamani.

Wakati wote huo Bi Mboja alikuwa ndani, kifua kimembana. Bamvua nzima ikampita akiwa amelala. Hakuna aliyemwambia.

Siku ya mwisho ya bamvua ile, Mwaka na Subira waliuona mkono wa pweza mkubwa ukichungulia chini ya Kinu. Jiwe lile lilikuwa halifunuliwi, liliguswa pembeni tu. Wao wakaleta mti, wakaupenyeza, wakasukuma kwa mabega. Kinu kikalala ubavu. Juu, kwenye dari yake, mayai yalikuwa yamening'inia meupe, na pweza jike hakukimbia. Alijitandaza mbele ya mayai.

"Mwaka," alisema Subira kwa sauti ndogo. "Huyu ana mayai."

Mwaka alijua. Alifundishwa. Lakini pweza alikuwa mkubwa, na nyumbani kulikuwa na wageni. Wakamchukua. Walipotaka kukirudisha Kinu, hawakukiweza. Wawili waliweza kukiangusha, lakini kukiinua kulihitaji watu wengi, na wengi walikwisha ondoka. Wakakiacha, mayai yakitazama jua.

Siku zikapita. Yale mawe yaliyolala chali yakageuka meupe. Sifongo zikakauka, zikawa ngozi. Viti vya pweza vikaoza, na harufu ikapanda hadi kwenye nyumba za mbele. Manungunungu weusi, wao wana miguu, wakatoka kwenye nyumba zilizovunjwa kutafuta kivuli kilichobaki. Na kivuli kikubwa kilichobaki upande ule kilikuwa shimo ambalo Kinu kilikuwa kimelikalia, kati yake na jiwe la jirani. Wakajaa humo, sindano juu ya sindano.

Bamvua ya pili ikaingia, na Bi Mboja amepona. Akashuka pwani na kikapu chake, kajifunga vizuri, anaimba kidogo puani. Wanawake walimwona akija. Wakainamia vikapu vyao.

Alipofika kwenye mawe ya mwanzo akasimama. Akainama, akapapasa. Alitafuta mgongo wa Mzee Kipara akakuta tumbo. Akapapasa Bi Harusi, naye yuko chali. Akanusa vidole vyake.

"Mwaka, upo?"

"Nipo, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mawe yangu yamelala chali. Nani kapita hapa?"

Wanawake wote wakamtazama Mwaka. Subira akamtikisia kichwa. Mtu mmoja nyuma akacheka kwa woga, kisha akakohoa ili kicheko kile kiwe kikohozi.

"Mawimbi, bibi," alisema Mwaka. "Ulipokuwa unaumwa, kulivuma sana."

"Mawimbi," alirudia Bi Mboja. Akalipima neno hilo. "Basi yatakuwa yamechukua haya madogo. Kinu hayakiwezi. Tangu nipate akili hakijasogea. Nitaanzia kwenye Kinu, nikishakishika nitajua waliobaki wako wapi."

Akaanza kwenda. Njia ile aliijua mno, na hakuwa na sababu ya kwenda kidogo kidogo. Mwaka alimtazama mgongo.

"Bibi!" aliita.

"Ee?" Bi Mboja akageuza uso.

Wenzake walikuwa wanatazama. Neno lilikuwa mdomoni, fupi tu: si mawimbi, ni mimi, na Kinu kimelala.

"Angalia utelezi," alisema Mwaka.

"Utelezi naujua, mwanangu."

Akafika. Akanyoosha mkono wa kulia kuegemea bega la Kinu, kama alivyofanya maisha yake yote, kwa uzito wake wote. Bega halikuwepo. Mkono ukashuka shimoni, na mwili ukaufuata, na alipotaka kujiinua akautia na wa kushoto.

Hakupiga kelele sana. Alisema, "Ya Rabi," mara moja, kisha akabaki amepiga magoti, mikono yote miwili imesimama mbele yake, myeusi kwa miiba.

Walimbeba. Wakampaka utomvu wa papai bichi, wakamkanda kwa maji ya moto, wazee wakaja na dawa zao. Miiba ya viganjani ilitoka. Ile ya kwenye ncha za vidole ilikatikia ndani, midogo kama masizi, na haikutoka. Vidole vikavimba, vikatunga usaha, na vilipopoa vilipoa vibaya. Vilijikunja kama miguu ya kaa aliyekufa, na ngozi ya mbele, kuanzia ncha za vidole hadi kiganjani, ikawa haina habari tena. Ukimwekea punje ya chumvi, hajui. Ukimwekea kaa la moto, ananusa kwanza ndipo anajua.

Kwa hiyo Bi Mboja alipofuka mara ya pili.

Akawa anakula chungu cha watu. Mwaka ndiye aliyempelekea, asubuhi na jioni, na kumlisha kwa mkono. Alikaa naye, akafagia, akateka maji. Maneno aliyotakiwa kuyasema hakuyasema. Alikuwa akizungumza habari za mtoto, habari za mvua, habari za mama mkwe, kisha anainuka anaaga.

Siku moja baada ya kula, Bi Mboja akamwuliza, "Mawimbi yametulia?"

Mwaka aliweka sahani chini. Akalia mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni akaamka.

"Ni mimi, bibi. Ni mimi na wenzangu. Nilianza mimi."

"Najua. Nimelifikiri hapa kitandani. Wimbi husukuma jiwe kulipeleka nchi kavu. Yale yalikuwa yameangukia baharini, namna mtu aliyesimama upande wa bahari anavyolifunua jiwe akijivutia. Mtoto mdogo wa Chongowe angelijua hilo kwa kupapasa."

"Mbona siku ile hukulijua?"

"Siku ile sikulifikiri," alisema Bi Mboja. "Ulikuwa umesema wewe."

Ramla alilia, Mwaka akambembeleza mpaka akanyamaza.

"Ungeniambia tu," aliendelea yule mama, na sauti yake haikuwa na ukali, bora ingekuwa nao. "Jiwe limeachwa chali, basi, ningelikwepa. Ningekusuta kidogo, ungenuna, tungeyamaliza. Ulimwonea haya nani?"

"Wenzangu, bibi."

"Wenzako." Akavuta pumzi. "Mimi mwiba siusuti, mwiba uko kwake. Sikiliza, ni la mwisho kukufundisha. Ukifunua jiwe, lifunike. Wewe ukishachukua chako unakwenda zako. Lakini chini yake pana wenye nyumba, na nyuma yako pana anayekuja."

Siku hiyo hiyo Mwaka alikwenda nyumba kwa nyumba, akasema mbele ya watu alichokifanya. Wengine walimzomea, wengine waliinamisha vichwa kwa kuwa nao walikuwemo. Bamvua iliyofuata walishuka wote, bila vikapu, wakafunika mawe. Kinu walikiinua kwa mabega mengi na kamba. Kilipokaa shimoni mwake, mtu mmoja akauliza, bega lake la kuegemea lilikuwa upande gani? Wakatazamana. Walikuwa wamepita hapo maisha yao yote wakiwa na macho yao, na hakuna aliyejua. Aliyejua alikuwa kitandani.

Na chini ya mawe yale hapakuwa na kitu. Nyumba ukiirudishia paa, wenyewe hawarudi siku hiyo. Chongowe kilikula muhogo mkavu misimu mingi. Wakawa wakikutana mwambani, mmoja akiinua jiwe moja la mbali lililosalimika, mwenziwe anamkumbusha: ukifunua jiwe, lifunike. Neno likapanda kutoka pwani likaingia jikoni, likaingia barazani. Mtu akichokoza ugomvi akajiondokea, ataambiwa hilo. Mtu akitoa siri ya nyumba ya mwenzake akaiacha juani, ataambiwa hilo.

Hapo Bi Kidawa akakomea.

"Vidole vyake vilipona, bibi?" aliuliza Salha.

"Havikupona, mwanangu. Ndiyo maana methali imebaki. Jambo lingekuwa limepona, watu wangelisahau. Ukifunua jiwe, lifunike. Na kama hukulifunika, basi sema kwamba liko wazi, kabla mwenzako hajaegemea."

"Kwa hiyo imeisha hivyo tu?" alisema Mundhir, na sauti yake ilikuwa na kinyongo.

Methali imeisha, bibi alimwambia. Lakini watu hawakuishia hapo.

Ramla alikua, akaanza kutembea, akaanza kuuliza maswali yasiyokwisha. Bamvua moja ya baridi Mwaka akamshika Bi Mboja mkono, na mtoto akashikilia nguo ya mama, wakashuka watatu taratibu hadi kwenye mawe. Yule mama hakuwa amefika hapo tangu siku ile. Mwaka akapiga magoti kwenye kidimbwi, akainua jiwe dogo, akaangalia chini yake. Palikuwa na doa jekundu la sifongo, dogo kama ukucha. Kando yake palikuwa na kiti cha pweza kichanga.

"Pana nini?" aliuliza Bi Mboja. "Nipe."

Mwaka akakibandua polepole, akakiweka kwenye kiganja cha yule mama, na kiganja akakishikilia chini ya maji ya kidimbwi ili kiumbe kisikauke. Kiti cha pweza, wanangu, chini ya kila mkono kina vijiguu vidogo visivyo na idadi, vyembamba kama nyuzi, kila kimoja na kikombe chake cha kushikia. Kikitembea juu ya ngozi ya mtu, mtu husikia kama anaandikwa kwa unywele uliolowa.

Bi Mboja akasubiri, uso kaelekeza baharini. Akasubiri sana.

"Kimekufa?" aliuliza.

Ramla alikuwa amechutama kati yao, pua karibu iguse maji, anatazama.

"Kinatembea juu ya mkono wako, bibi," alisema.